Upande wa Jua

Hermelinda Trejo hakuwahi kuamka kabisa. Hata akisimama kitaluni kwake kwa mimea ya miiba hapa Cadereyta jua likiwa limeshapanda, ungedhani nusu yake bado iko kitandani: anatabasamu bila sababu, anausemesha mpungate mmoja, anausahau, anauendea mwingine. Mtoto wa jicho alipomfunika macho yote mawili, alisema ukungu umeshuka mapema mwaka huu, akaendelea na kazi.

Mimi Otilia, jirani yake, ndiye niliyeshtuka. Lakini vidole vyake vilijua. Watu walimletea mipungate yenye madoa ya kahawia, naye akayakwangua kwa ukucha. Doa likibanduka, ni mdudu mwenye gamba, apanguswe kwa pombe. Likibonyea, umeoza, ukatwe. Likiwa gumu na liko shinani, alicheka. "Huu ni uzee tu. Mbona mimi hamnikati?"

Jumamosi ile binti yake Yesenia alikuja na gari kumchukua wakaishi wote mjini, moja kwa moja. Hoja zake zilikuwa za kweli, ndiyo maana zikaniudhi: mama haoni, mama atajikwaa, mama ataangukia miiba. Nilimtazama akipakia masanduku. Hermelinda alikubali kila kitu kwa sauti ya mtu anayeota.

"Na huu nimekurudishia, mama," Yesenia akasema, akishusha chungu chenye mpungate. "Ule ulionipa. Umeshikwa na ugonjwa, upande mmoja wote kahawia."

Hermelinda akaupapasa taratibu, kichwa amekiinamisha kama anayesikiliza redio ya jirani. Palikuwa pakavu, pagumu. Hakuna kilichobanduka wala kubonyea.

"Hauumwi, mwanangu. Ulipoufikisha kwako uliugeuza. Ngozi iliyozoea kivuli ukaielekeza juani."

"Jamani, mama! Mmea nao una mbele na nyuma?"

"Wewe ulikuwa hulali mpaka kichwa kielekee mlangoni. Nikikugeuza, kilio mpaka kunakucha."

"Mtaa mzima tulikesha," nikadakia.

Yesenia akanikata jicho. "Bi Otilia, usianze."

"Doa halitatoka," Hermelinda akasema, "ila utaishi."

Tukamwingiza garini. Alikaa ameegemeza shavu kwenye kioo, upepo wa vumbi la chokaa ukipita nje, na nilidhani amesinzia. Kumbe hapana.

"Yesenia. Dirisha la chumba changu huko linatazama wapi?"

Hakuwa anamsuta, namjua. Alitaka kujua tu, ajipange.

"Linatazama ukuta, mama. Wa nyumba ya pili."

"Na asubuhi jua linaingilia wapi?"

"Haliingii."

"Aa. Basi nitazoea." Akafumba macho.

Yesenia alibaki ameshika mlango wa gari. Midomo ilimcheza kama alipokuwa mdogo, na mimi, niliyekuwa nimemkasirikia tangu alfajiri, nilitamani kumkumbatia. Akazunguka nyuma ya gari. Akashusha sanduku la kwanza, akaliweka chini polepole asitoe kishindo, kisha la pili. La tatu tulilishika pamoja.

Hermelinda akagutuka.

"Tumefika?"

"Tumefika, mama," Yesenia akasema.