Fomu Ambazo Aila Hakutaka Zijazwe

Kwa miaka ishirini na sita Aila Niskanen alifundisha vijana wa mji wa Thunder Bay kuteleza kwenye theluji. Magoti yalipomgomea, akahamia ghorofa ya chini ya hospitali, kwenye chumba kilichowahi kuwa cha kufulia mashuka. Humo aliwekewa baiskeli sita za mazoezi, vyuma na mikeka, akaanza kupokea watu waliokuwa katikati ya matibabu ya saratani. Walikuja mara mbili kwa wiki, kwa wiki kumi na mbili. Waliingia wakiburuta miguu, kofia za sufu zimefunika vichwa visivyo na nywele, naye akawapokea kama alivyozoea kuwapokea vijana wake wa mashindano, bila pole nyingi.

"Kocha, unataka kuniua kabla saratani haijaniwahi?" Gordie Pelletier alimuuliza siku yake ya kwanza. Alikuwa mstaafu wa kiwanda cha karatasi, mwenye saratani ya utumbo mpana.

"Saratani ipange foleni. Dakika nne zaidi, mzee, na usinizuge. Naona hukanyagi."

Gordie alifika pale akiwa hawezi kupanda ngazi za nyumbani kwake bila kukaa chini katikati. Wiki ya nane alizipanda mfululizo, akaoga mwenyewe, akashuka. Mkewe, Lorraine, alikuja na boksi la maandazi ya mdalasini, akamwambia Aila, "Umenirudishia mume wangu. Bahati mbaya amerudi na mdomo wake."

Nadine Thibeault, mchumi wa hospitali, alikuwa mpole na hakuwa adui wa mtu. Kazi yake ilikuwa kupima kama fedha inayotumika inazaa kitu. Alimletea Aila fomu za maswali matano, za kujazwa mwanzoni na mwishoni: unatembeaje, unajihudumiaje, unafanya shughuli gani, una maumivu kiasi gani, moyo wako ukoje. Chini yake, mara ngapi umelazwa.

Gordie alijaribu kujaza yake. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa sababu ya dawa, kalamu ikamponyoka mara mbili. Aila akamnyang'anya ile karatasi.

"Acha. Hujaja kwenye mtihani hapa."

Nadine alipopita kuzichukua, alikuta nyingi hazijaguswa. "Aila, wasomee tu, wewe uweke alama. Ni dakika tano."

"Dakika tano ni mizunguko miwili ya vyuma. Ukitaka kujua kama wanapata nafuu, njoo usimame mlangoni uwatazame."

"Nimesimama. Nimewaona. Lakini wanaoamua hawaji mlangoni, dada."

Aila alicheka, akazitia fomu kabatini chini ya mikeka. Siku hiyo alijiona amewatetea wagonjwa wake.

Miaka miwili baadaye bajeti ikabanwa, Aila akaitwa mbele ya kamati. Alizungumza vizuri, akawataja watu kwa majina, na mmoja wa wajumbe akafuta machozi. Kisha mwenyekiti akauliza kwa adabu, "Wagonjwa wako walilazwa mara chache kuliko wale wasiohudhuria?"

"Naamini hivyo."

"Chache kwa kiasi gani?"

Hakujua. Nadine akaonyesha jedwali lake. Safu ya gharama ilikuwa imejaa, dola mia sita na ushee kwa kila mgonjwa. Safu ya manufaa ilikuwa tupu karibu yote, maana kati ya watu mia moja na arobaini, kumi na tisa tu ndio waliokuwa na fomu kamili. Huko nje kwenye korido Nadine alimwambia, "Nilitaka kuwa shahidi wako. Kumlaza mtu siku tatu kunagharimu zaidi ya mgonjwa wako mmoja kwa wiki zote kumi na mbili. Ungenipa kitu cha kusema, ningekisema."

Mwisho wa Oktoba chumba kikafungwa.

Januari saratani ya Gordie ilirudi. Nje barafu ilikuwa imeganda mpaka mlangoni, na mahali pa kwenda hapakuwepo tena, basi akakaa ndani bila mazoezi. Aprili alikuwa dhaifu kiasi kwamba madaktari walimpunguzia dawa, kisha wakaisimamisha. Aila alimkuta amelala sebuleni, kitanda kimeshushwa kutoka juu.

"Gordie, ile fomu nilikunyang'anya mimi."

"Ipi? Ile ya maswali ya kijinga?" Alitabasamu. "Ningeandika nini, kocha? Kwamba nimepanda ngazi kwenda kuoga?"

"Ndiyo. Hicho hicho ndicho walichokuwa wanauliza."

Gordie akamwomba amsaidie kugeuka upande wa dirisha.

Alizikwa mwezi wa Mei. Kama mazoezi yangemwongezea siku, hakuna awezaye kujua, na Aila hajawahi kudai hivyo. Lakini baada ya mazishi alichukua orodha ya wagonjwa wake akaanza kuwapigia simu mmoja mmoja, kuwauliza yale maswali matano. Wengine walikuwa wameshafariki. Wengine walimkumbuka kwa furaha, ila hawakukumbuka tena walikuwa wanajisikiaje wiki ya kwanza. Alipopeleka alichokipata, Nadine alikisoma chote mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa taratibu.

"Kumbukumbu za baada ya miaka miwili hawatazipokea. Pole, Aila."

Siku hizi, asubuhi tatu kwa wiki, Aila anaongoza watu kutembea ndani ya jumba la maduka kabla halijafunguliwa. Wanaokuja ni wazee wazima wa afya, wenye magari yao. Walio kwenye matibabu huahidi kwa simu kwamba watakuja. Yeye huwasubiri dakika kumi, waliofika wakianza kulalamika, ndipo anapowaambia waanze kutembea.