Wimbo wa Bi Isla Usiotaka Madoido

Kila nisikiapo kiyoyozi kikuukuu kikinguruma kwa sauti moja, hasira ya utotoni hunipanda. Nilikuwa na miaka kumi, tukiishi Ruwais, Jeddah, enzi zile watu wa kwetu walipokuwa wakimiminika Saudia kwa mikataba. Mama alikuwa muuguzi. Baba, fundi mitambo, kampuni yake ilikuwa imemhamishia Riyadh.

Mwalimu wetu wa muziki, Bi Isla, alitoka Uskoti. Alinichagua niimbe peke yangu, siku ya wazazi, wimbo wa kale wa kwao: msichana anangoja ufukweni, mashua inarudi bila kaka yake. Kinanda hakukitaka. Alinyoosha kidole kwenye kiyoyozi cha darasa.

"Unasikia? Zumari zetu za mfuko zina mvumo kama huo chini yake. Ushike huo, uimbe."

Lakini wimbo wenyewe, jamani! Noti tano tu, kama ngazi iliyong'oka vidato, na mahadhi yaleyale kila ubeti, kaka akiwa hai, kaka akiwa maiti. Mimi, mtoto wa kwaya ya Tanga, nilitaka kuikunja sauti, niitetemeshe, nilie. Kila nikijaribu, ananikatiza.

"Bila madoido. Simulia tu."

"Lakini amekufa, Mwalimu!"

"Wanajua. Haya, tena."

Ningeuacha, ila Baba aliahidi kuja. Asubuhi ya siku yenyewe Mama akaweka simu chini. "Bosi kamnyima ruhusa. Halas, basi tena, mwanangu, tutampigia ukiwa unaimba."

Nilinuna njia nzima. Jukwaani hata hamu ya kupamba sikuwa nayo. Niliimba kavu, macho ukutani, Mama kaiinua simu mstari wa mbele. Nilipomaliza, makofi yakaja. Bi Isla akanikumbatia, nami nikazidi kufura, maana nilikuwa nimeimba vibaya makusudi!

Nikaichukua simu. "Baba, umesikia?"

"Nimesikia. Umekula?"

Nikamrudishia Mama simu bila kuaga. Nimemzika kaka wa watu mbele ya ukumbi mzima, naulizwa habari za chakula!

Baba alikuwa keshastaafu Mama aliponiambia kwamba siku ile alisikiliza amejifungia garini, na kwamba hilo ndilo swali pekee aliloweza kulitamka bila sauti kumkatika. Bado hunikera: wimbo mzima niliujua kwa moyo, na sikuusikia Baba aliponiimbia, bila madoido, kwa lile "Umekula?"