Sakafu ya Pale Kwetu

Mahali padre anaposimama kuongoza ibada, kule mbele nyuma ya kizuizi cha mbao, pana majina mengi kuliko mtoto aliyelelewa na shangazi wanne. Padre hupaita presibiteri, na akilitamka neno hilo hata popo wa darini hunyamaza wasikilize. Katekista hupaita patakatifu. Wengine husema altareni, wengine madhabahuni, na watoto husema "kwa padre," basi. Mama Povu, mfuaji wa vitambaa vya altare, yeye alipaita "pale kwetu."

"Kwenu wapi?" mtunza kanisa alimuuliza kila alipompa furushi la vitambaa juu ya kizuizi. "Umekuwa wifi yake Mungu?"

"Kwetu, baba. Mimi pale nimekula, nikashiba, nikasinzia."

"Toba! Shusha sauti, mama, watu wanasali."

Wala hakuwa anasema uongo. Kanisa lilipokuwa linajengwa, marehemu mumewe ndiye aliyemwaga sakafu ile ya juu, nyekundu, pamoja na ngazi zake tatu. Aliisugua kwa jiwe akiwa amepiga magoti, mpaka magoti yakaota sugu kama ya ngamia. Mchana mkewe alimpelekea chakula. Walikaa ngazi ya juu bega kwa bega, ukuta wa mbele bado haujainuliwa, upepo ukiwapepea bure. Siku moja fundi akamwambia, "Kaa kwa raha, mke wangu. Tukimaliza hapa hatukanyagi tena." Mama Povu alicheka, akidhani mzaha.

Sakafu ilitoka imeng'aa, usiombe! Mjusi alianguka kutoka darini, akamwona mwenzake chini, akaposa hapo hapo na kukataa kurudi juu. Padre mgeni aliinama kutoa heshima, akamwona padre mwingine ameinama, akaona si adabu kuinuka kabla ya mwenzake. Ibada siku hiyo ilianza jua la utosi. Anayebisha akawaulize walioshinda njaa.

Kisha askofu akaja, akapabariki, kizuizi kikafungwa. Desturi ya kanisa lile ikawa moja: asiye na huduma ya altare hapiti. Hata mfuaji hupokea vitambaa kwa nje, na kuvirudisha kwa nje. Fundi mwenyewe hakupita tena. Alipofariki, jeneza lake liliwekwa chini ya ngazi, na mjane akawa anaitazama kazi ya mikono ile kwa juu ya kifuniko.

Tangu hapo alibaki na hamu moja, akae tena ngazi ile ya juu, walipokaa wawili. Kidogo tu. Alibembeleza, akafanya hila. Safari moja alimwambia mtunza kanisa kwamba amesahau pini kwenye kitambaa cha altare, itamchoma padre, afunguliwe akaitoe. Mzee wa watu akaenda mwenyewe, akapapasa kitambaa chote, akarudi jasho likimtoka.

"Sijaiona, mama."

"Hee! Kumbe ninayo hapa kwenye gauni."

Ndipo Jumapili moja padre akatangaza: sakafu ya altareni imepasuka, itavunjwa, viwekwe vigae. Watu wakapiga makofi. Mikono ya Mama Povu haikutoka mapajani. Ibada ilipokwisha alimfuata mtunza kanisa.

"Baba, kabla hawajaivunja, niache nikae pale. Sitagusa kitu."

"Utaratibu ni utaratibu, mama. Nikikupandisha wewe, kesho kwaya nzima itataka kupanda."

Siku ya kazi ilipofika, padre alihamisha vyombo vitakatifu, akazima taa nyekundu ya Ekaristi. Altare, kwa kuwa ilikuwa ya mbao, ikabebwa kando. Mtunza kanisa alipogeuka, akamkuta Mama Povu kwenye kizuizi, mikono mitupu. Akajikuna kisogo, akafungua.

"Pita, mama. Leo ni sakafu tu."

Alivua ndala, akapanda. Akakaa ngazi ya juu, upande mmoja, kama mtu anayempisha mwingine. Miaka yote alidhani akishakaa pale atasikia kitu: kikohozi cha mumewe, jiwe likisugua. Alisikia ndoo za mafundi zikigongana. Akapitisha kiganja sakafuni. Ilikuwa baridi, laini, na kimya. Hata hivyo hakuinuka.

Mafundi walisubiri, wakatazamana. Mkubwa wao akasogea.

"Shikamoo, mama. Samahani, tunataka kuanza."

"Marahaba, mwanangu. Anzeni kule ukutani."

"Kule ni mbali na mlango, mama. Kifusi kitatuvunja mgongo."

"Mumeo angekuwa fundi ungejua mgongo unavyovunjika."

Wenzake wakaangua kicheko. Fundi naye akacheka, akabeba nyundo, akaanzia ukutani.

Pigo la kwanza lilimfikia Mama Povu mapajani, likapanda mpaka kifuani. Mtunza kanisa alitaka kumwita ashuke, akamtazama, akaghairi. Akawageukia mafundi.

"Polepole, jamani. Mnakimbilia wapi?"

Nyundo zikawa zinasogea, vumbi jekundu likimtua begani. Hakulipangusa. Alijisogeza kidogo tu, upande ule aliouacha wazi, akakaa vizuri.