Shemeji kaniita nimtengenezee mashine aliyoninyang'anya

Leo shemeji yangu kanipigia simu kwa sauti ya upole.

Ile mashine ya kukaushia nguo aliyoibeba kwangu baada ya kumzika mume wangu, akafungulia biashara ya kufua nguo, inanguruma tu, haizunguki.

"Wewe ndiye unayeijua, shemeji. Njoo uitazame."

Nikatoka Bariadi mpaka kwake Nyalikungu. Kufungua, mkanda umekatika. Nikafunga mpya, ikazunguka.

Anatabasamu. Anadhani nimesamehe.

Nikachomoa waya ukutani, nikawaita kaka zangu waliokuwa nje na pikapu, pamoja na mwenyekiti wa mtaa wake.

"Unafanya nini?"

"Nairudisha kwa watoto wa marehemu kaka yako."

Akamtazama mwenyekiti, akasogea kutupisha mlangoni.

Nimemwachia nguo mbichi za wateja, na mvua inanyesha.

Niiteni mbaya. Nimefurahi.