Mkono wa Guleed Chini ya Shali

Mimi nauza chai hapa mnada wa mifugo wa Burao, kwa hiyo habari za Guleed msinisimulie. Nimeziona kwa macho yangu. Alikuwa dalali. Kwetu bei haitajwi kwa mdomo. Dalali na muuzaji hushikana mikono chini ya shali, vidole ndivyo vinavyobishana, na dalali akishakubali, yeye ndiye mdhamini wa malipo. Guleed hakuwahi kumwangusha mtu.

Ndipo akaja Abu Turki, tajiri wa Jidda, mdomo asali tupu. Akamkumbatia Guleed mbele ya mnada mzima.

"Ndugu yangu, sisi Mungu katupa mafuta, nyinyi kawapa kondoo. Tukishikana, nani atatuweza? Kondoo wote wa hija nachukua kwako. Wakishuka Jidda tu, nalipa."

"Guleed, mbona huyu anachekacheka sana?" nikamuuliza.

"We Ebla, chemsha chai! Biashara ya nchi na nchi utaijulia wapi?"

Haya. Nikachemsha.

Guleed akawapitia wafugaji mmoja mmoja, shali begani, akichukua kondoo wao kwa ahadi ya kulipa baadaye. Hata shangazi yake Ardo, aliyemlea tangu mama yake afariki, alimpa kundi zima. "Mkono wako unanitosha," alimwambia.

Madaktari wa bandari ya Berbera waliwapima kondoo, wakawakuta wazima. Meli ikaondoka. Ilipofika Jidda, Abu Turki akasema wana ugonjwa, warudishwe. Ugonjwa gani! Keshapata wa bei rahisi kutoka kwingine, mnafiki mkubwa yule! Kondoo wakafia baharini kwa joto. Guleed akapiga simu weee, yule "ndugu" hakupokea tena.

Akauza ngamia, akauza na nyumba, akawalipa wafugaji wengine. Shangazi aliachwa wa mwisho, maana ni damu yake, atamwelewa. Ilipofika zamu yake, hakikubaki kitu.

Msimu uliofuata Ardo alikuja mnadani na mbuzi wawili, ndio mali yake yote. Guleed akamkimbilia, akatandaza shali, akaingiza mkono. Ardo hakuingiza wake.

"Shangazi, si mimi?"

"Najua ni wewe. Mkono huo nimeuosha mwenyewe ukiwa mdogo. Lakini leo siushiki, mwanangu. Naogopa."

Akamwita dalali mwingine. Guleed akabaki palepale, mkono wake bado uko chini ya shali. Nilimpelekea chai, hakuigusa.