Mkia wa Treni ya Alfajiri

Bado sijazoea, rafiki yangu. Basi ninalopanda likipita chini ya matao ya reli yetu hapa Peckham, huku ughaibuni, najikuta nasubiri mtikisiko juu ya kichwa. Wapi! Kimya. Huko juu yameota magugu, na chini wamezungushia waya. Wanasema daraja limezeeka na kulitengeneza ni gharama, basi wakaifunga reli yote. Imeniuma, sikufichi.

Mimi nimekua na reli ile. Dirisha la jikoni kwetu lilitazamana nayo. Treni ikipita, vikombe vinacheza kabatini na chai ya tangawizi inamwagikia sahani. Mama alifanya kazi ya usafi hospitalini Lewisham, akiondoka na treni ya alfajiri. Bibi alikuja kutoka Tabora kunilea, mjane wa fundi wa reli. Wiki yake ya kwanza alitia mayai ya kuchemsha na karanga kwenye mfuko, akamkimbilia mama stesheni ampitishie dirishani, kama walivyozoea kwao. Masikini bibi wa watu! Madirisha ya huku hayafunguki. Akabaki anagonga kioo kwa yai, abiria wanamkodolea macho, na mama ndani anacheka huku machozi yanamtoka.

Tangu siku hiyo tukawa tunamuagia jikoni. Bibi anapunga kanga, mimi na kijiko changu cha uji, na mama anatuinulia glavu yake ya njano kutoka behewa la mwisho. Nikitaka kukaa, bibi ananidaka bega. "Hee! Msafiri hapewi mgongo mpaka mkia wa treni upite. Unataka asirudi?" Basi tunasimama mpaka mkia upite, ndipo tunakunywa chai.

Bibi alishatutoka. Mama naye amezeeka, na kumbukumbu zinamponyoka; kuna siku ananiita kaka yake, kuna siku ananiuliza nimetoka wapi. Lakini nilipokuwa nikienda kazini na treni ileile, kila asubuhi nilimwona juu pale jikoni, kanga hewani, akinipungia mpaka mwisho. Pale dirishani tu ndipo nilipokuwa na hakika kwamba bado ananijua. Ndicho walichonifungia, wala si reli.

Nimemweleza mara nyingi kwamba treni hakuna tena, sasa napanda basi. "Sawa, baba," ananijibu. Juzi nilisahau simu, nikarudi kuichukua. Nikamkuta amesimama dirishani, kanga mkononi, chai imepoa mezani.

"Mama, kaa basi unywe chai."

Hakugeuka. "Subiri kwanza, kaka. Mwanangu yumo safarini, na mkia bado haujapita."

Nikaweka begi chini, nikasimama naye. Siku hiyo nilichelewa sana kazini.