Namba Ambayo Haikurudishwa

Siku ya kliniki, wajawazito hubanana mabenchini mpaka mlangoni. Asubuhi hiyo mabenchi yalikuwa matupu. Feni ilizunguka peke yake, na kimya kilitanda kama cha nyumba iliyohamwa.

"Fundi, kwani wamejifungua wote kwa mpigo?" mpokezi aliuliza. Kicheko chake kilimrudia kutoka ukutani.

Fundi ndivyo walivyomwita dada aliyetunza programu ya kuwaita akina mama kwa ujumbe wa simu. Kitu kilikuwa kinakoroma ndani ya droo yake. Akaivuta. Simu ya majaribio ilikuwa inatetemeka yenyewe, ujumbe juu ya ujumbe: "Mama, leo ni zamu yako." "Mama, usikose." Akina mama wote walikuwa wameitwa humo, ndani ya droo iliyofungwa.

Jana alikuwa akiijaribu programu bila kuizima. Kila inapotaka kutuma, programu husoma kwanza mipangilio ya mazingira yake, yaani maelezo ya wapi itume, na humo ndimo alimoweka namba ya simu ya droo kwa muda, ili majaribio yasiwasumbue watu. Aliandika: badilisha, jaribu, kisha rudisha. Jaribio likaanguka katikati. Mstari wa kurudisha haukufikiwa, na programu ikabaki na mazingira ya uongo.

"Dada, yule mama wa presha si ni leo?" mpokezi akauliza.

"Ni leo. Daktari alisema akikosa yeye, wamekosa wawili."

Fundi akampigia. Simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ikapokewa, lakini zikaja pumzi tu, nzito, kama ziko shingoni mwake.

"Mama? Ni kliniki hapa."

"Kumbe mpo," sauti ikanong'ona. "Nikasema wakiniita nitaenda. Naona vimulimuli tu, dada. Mlango siuoni."

Gari la wagonjwa likatoka mbio. Mpokezi akaanza kuwapigia wengine. Fundi akaandika upya: namba ya awali ihifadhiwe kwanza, na kurudisha kukae mahali panapotekelezwa hata jaribio likianguka. Akaliangusha makusudi. Namba ikarudi. Akaliangusha tena. Ikarudi.

Machela ikaingia, mama wa presha akiwa juu yake. Daktari akaweka kifaa cha kusikilizia juu ya tumbo, akakisogeza, akakunja uso, akakisogeza tena. Kisha mapigo ya moyo yakasikika, madogo, ya haraka, kama mtoto anayekuja mbio kutoka mbali sana.